Niliandika Nguo

Kwenye ofisi ya vifurushi pale Tunduma, kazi yangu ilikuwa kuandika, na kazi ya yule mzee ilikuwa kubeba. Nilimwita baba, naye aliniita binti. Hakusumbuka kusoma karatasi nilizobandika. Kabla ya kushika mzigo aliniuliza, "Ndani kuna nini?" Nikisema vyuma, alichuchumaa, akavuta pumzi, akashika kwa mikono miwili. Nikisema nguo, mkono mmoja ulimtosha, tena huku akinitania kwamba nikizidi kukonda atanipakia na mimi.

Asubuhi moja waliingia wanaume wawili na salfeti moja, lile gunia la plastiki, ya kwenda Ibaba. "Andika nguo, dada," akasema mmoja. Niliibonyeza kwa kidole, ikabonyea. Watu wawili walikuwa wameishusha kwenye bajaji. Wawili! Niliwaona kwa macho yangu mwenyewe, na bado nikaandika nguo, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na mimi ni mvivu wa kuinuka kitini.

"Ndani kuna nini?" baba akauliza.

"Nguo."

Akainama, akaivuta juu kwa mkono mmoja. Salfeti haikwenda popote. Yeye ndiye aliyekwenda chini, taratibu, macho yamemtoka, akinitazama mimi wala si mzigo. Mayowe yalikuwa yangu. Tulipomlaza kwenye benchi, mguu wa kushoto ulikataa kunyooka.

Nilichana ile salfeti kwa mkasi. Juu palikuwa na blanketi kuukuu, na chini yake vyuma vya mashine ya kusaga. Nikaweka mkasi chini, nikaigeuza karatasi. Mwandiko kwenye karatasi ulikuwa wangu, mzuri kabisa, herufi kubwa.

Daktari alimkataza kubeba chochote, naye baba akarudi kwao Mbebe, ambako sasa mkewe analima peke yake. Nilikawia kwenda kumwona. Niliogopa, huo ndio ukweli. Nilipofika nikamwamkia, akaitikia kwa furaha, akaniulizia hata mama yangu. Hakunilaumu kwa neno lolote, na hilo lilinichoma kuliko matusi.

Nikamnyooshea mfuko niliokuja nao.

"Ndani kuna nini?" akauliza.

"Mkate na sukari tu, baba."

Mkono wake ulianza kunyooka, kisha akaurudisha mapajani.

"Weka chini, binti. Fungua kwanza, nione."