Kuonja Maji Kabla ya Mgeni Rasmi

Kabla mtu hajaniuliza elimu yangu, naitaja mwenyewe. Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa tayari baba wa watoto wanaonizidi mwandiko. Darasa zima tulikuwa na taa moja ya chemli, na moshi wake ulituingia kichwani pamoja na somo la Uraia, hata leo sijui kipi kilikaa zaidi. Lakini nilifaulu. Kijijini kwetu, upande wa Kibondo, mtu akifaulu kitu chochote hatafutiwi pongezi, anatafutiwa kazi. Mimi nikapewa uenyekiti wa kijiji.

Wengi hudhani kazi ya mwenyekiti ni kuongoza. Kazi ya mwenyekiti ni kusalimiwa. Sisi Waha hatutupi salamu kama mtu anayetupa ganda la ndizi. Unasimama, unapiga makofi taratibu, "Mwakeye, mwakeye," unaulizwa nyumba, unaulizwa ng'ombe, unaulizwa maharage shambani na shangazi yako wa Kasulu ambaye wewe mwenyewe ulishamsahau. Nilikuwa natoka nyumbani asubuhi nikiwa kijana, nafika ofisini mzee.

Katikati ya salamu hizo ndipo tulipopata bomba.

Lilikuwa bomba la maji ya mserereko, yaani yanateremka yenyewe kutoka chemchemi ya mlimani, hayaombi dizeli wala umeme. Mtaro tulichimba wenyewe, kila kaya kipande chake, na nakuhakikishia tulikuta mawe ambayo yaliwekwa pale siku ya uumbaji ili yatusubiri. Kituo cha kuchotea kilijengwa mbele ya lango la zahanati. Siku fundi alipolijaribu, maji yalitoka kwa nguvu yakamvua kofia. Wanawake walipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Kiangazi kilikuwa kimeanza, na kijito cha bondeni kilikuwa kimekonda. Ulikuwa unachota kwa kikombe, unasubiri, unachota tena.

Kabla vigelegele havijaisha, mtendaji wa kata akapanda juu ya kichuguu.

Nieleze: kichuguu kile ndicho kilikuwa mnara wetu wa simu. Mtandao haukupatikana mahali pengine popote. Ukimwona mtu amesimama kule juu kidole kimoja sikioni, ujue anaongea na serikali au na mchumba. Mtendaji aliongea, akashuka, akatangaza: "Hakuna kuchota. Mradi haujazinduliwa. Mgeni rasmi anakuja."

Basi bomba likapigwa kufuli. Utepe mwekundu ukafungwa kuzunguka nguzo zote, usawa wa kiuno cha mtu mzima, na ufunguo nikakabidhiwa mimi. Niliuvaa shingoni kwa uzi. Sitaki kusema uongo, ulinipendeza. Niliandaa risala ndefu, nikaifanyia mazoezi mbele ya ng'ombe, na ng'ombe mmoja alionekana kuguswa.

Mgeni rasmi hakuja. Tulichinja mbuzi, kwaya ikaimba, mtendaji akapanda kichuguu, akashuka: "Amepata dharura." Mbuzi tukamla wenyewe kwa majonzi. Tarehe nyingine ikapangwa. Kwaya ikaimba, mbuzi akachinjwa, kichuguu kikapandwa. "Yuko njiani." Njia ile sijui ilianzia nchi gani. Ilifika mahali kasuku yeyote msituni angeweza kuimba ule wimbo wa kumkaribisha, na mbuzi wa kijiji wakianza kusikia kwaya inafanya mazoezi walikuwa wanaagana.

Wanawake waliendelea kushuka bondeni. Walipita mbele ya bomba na ndoo tupu, wakarudi mbele ya bomba na ndoo nusu. Walinisalimu vizuri tu, makofi na kila kitu, ila waliacha kuniuliza habari za ng'ombe. Kwetu hiyo ni dalili mbaya.

Sasa sikia. Pale zahanati palikuwa na utaratibu kwamba mama anayekuja kujifungua aje na ndoo yake ya maji. Utaratibu huo niliutangaza mimi mwenyewe kwenye mkutano wa kijiji, kwa sauti nzuri kabisa, na watu walinipigia makofi. Nilidhani nimetangaza maendeleo.

Binti yangu aliyeolewa Kasulu akarudi nyumbani kujifungua mtoto wake wa kwanza.

Mke wangu huniita baba watoto. Akiniita Mheshimiwa, natafuta kofia yangu na kuondoka. Jioni ile alikuwa anapepeta maharage, hakuniangalia.

"Mheshimiwa," akasema, "hicho shingoni mwako ni ufunguo au ni rozari?"

"Ni dhamana ya wananchi."

"Ahaa. Na mjukuu wako ataogeshwa kwa dhamana?"

Nilicheka. Alipepeta maganda yote yakanijia usoni.

Uchungu ukamshika binti asubuhi, siku ambayo kijito kilikuwa kimebaki tope la kunywea nyuki. Mabinti wa jirani walikuwa wameteremka na ndoo tangu alfajiri na hawajarudi. Tukampeleka zahanati. Nesi wetu alikuwa mwanamke mfupi, mpole, mwenye sauti ya kumaliza kesi. Alimpokea binti, akamlaza, akarudi mlangoni akasimama mbele yangu.

"Mwenyekiti, ndoo iko wapi?"

"Mimi ni mwenyekiti."

"Nakujua. Ndoo iko wapi?"

Nyuma yangu, hatua chache tu, bomba lilikuwa limesimama na utepe wake kama bi harusi aliyekimbiwa. Nikapanda kichuguu, nikampigia mtendaji. Nilimweleza yote, hata sauti ya binti nadhani aliisikia, maana ilisikika mpaka Burundi.

"Mwenyekiti," akasema, "uchaguzi ni mwisho wa mwaka. Mgeni akikuta utepe umeguswa, uenyekiti huo usahau. Na mimi nitakusaidia kuusahau."

Nikashuka. Mke wangu alikuwa amesimama kando ya utepe, kibuyu mkononi na ndoo tupu miguuni. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilinitisha zaidi.

"Baba watoto, nikimtengea mgeni pombe ya ndizi, nani anaweka mdomo kwanza kwenye mrija?"

"Mwenye nyumba."

"Asipoonja?"

"Mgeni hagusi. Atajua kuna sumu."

"Na huyu mkubwa wenu anakuja kunywa maji yetu mbele ya umati. Nani ameyaonja?"

Somo lote la Uraia, kurasa zote, halikuwa na jibu. Mila ilikuwa wazi kama mchana: tulikuwa tunapanga kumwekea mgeni rasmi kinywaji ambacho hakuna mwenyeji aliyekigusa. Hiyo kwetu Buha si makosa ya utaratibu, ni tusi, ni karibu na jaribio la kuua kiongozi.

"Utepe usiguswe," nikasema.

"Nani ameutaja utepe? Inama."

Nikainama. Nikapita chini ya utepe, tumbo langu la uongozi likapita kwa shida, nikafungua kufuli. Nikakinga kibuyu, nikapiga makofi mara moja kwa heshima, nikaonja. Yalikuwa baridi, matamu, yana ladha ya jiwe. Kisha nikajaza ndoo, na mke wangu akaibeba ndani mbio, maji yakimwagika kwenye kanga.

Niseme nilidhani uonjaji umeishia hapo? Kuonja kwetu kuna foleni. Akishaonja mwenye nyumba, wanaonja wazee. Wakishaonja wazee, wanaonja majirani. Wanawake waliokuwa wanarudi kutoka bondeni na ndoo tupu walituona, wakainama. Mzee mmoja mwenye fimbo aliinama kwa mara ya kwanza tangu ujana wake. Kila mmoja aliomba aonje kidogo tu, na kila kidogo kilikuwa ndoo nzima. Nilikuwa bado nasimamia foleni pale nesi alipotoa kichwa dirishani.

"Mwenyekiti! Ni wa kike. Ongeza ndoo nyingine!"

Tangu siku hiyo tulionja kila asubuhi, utepe ukiwa mahali pake kwa heshima zote. Kijiji kizima kilijifunza kuinama.

Mgeni rasmi alifika utepe ukiwa umepauka mpaka rangi ya waridi. Risala nilisoma, mbuzi alichinjwa. Akakata utepe, akafungua bomba, akatangaza kwamba kuanzia dakika hiyo akina mama wamepumzika. Kisha akatazama chini. Viatu vyake vilikuwa vimezama kwenye tope, na pembeni maboga yetu yalikuwa yametambaa mpaka kwenye uzio wa zahanati, ambako nepi zilikuwa zinakauka.

"Mwenyekiti, haya maboga yalizinduliwa lini?"

Mtendaji alinitazama kama mtu anayepima jeneza. Nikapiga makofi taratibu.

"Mheshimiwa, kwetu mgeni hapewi kinywaji ambacho mwenyeji hajaonja. Tulionja."

"Mlionja kiasi gani?"

Mke wangu akatoka upande wa wanawake, akamwekea mgeni mtoto mikononi. Mtoto alikuwa mnene, msafi, anang'aa.

"Kiasi cha kumtosha huyu, baba."

Mgeni alimpima mtoto uzito kwa mikono. Halafu akacheka, akaomba maji ya kunywa, na watu wote wakapumua kwa pamoja. Nilikinga glasi chini ya bomba, nikaipeleka.

Hakuipokea. Alinyoosha mkono kuonyesha mdomo wangu.

"Wewe kwanza," akasema.