Chapati ya Mgeni

Juzi, dukani Mbale, harufu ya karafuu maiti ilinirudisha Masese, alasiri ile mama alipoitwa kuosha maiti ya mwanamke aliyeopolewa ziwani, asiyejulikana kwao.

"Pesa ya sadaka hatuna," aliniambia akikunja mikono ya gauni, "lakini mikono iko."

Mimi, mtoto mdogo wakati huo, nilijua tu kwamba kuna mgeni anaogeshwa. Nje ya pazia nilisikia maji yakimwagika, na mama akisema taratibu, "Pole mwanangu, maji iko baridi."

Mgeni hakujibu. Nilidhani ana haya. Nikamwekea nusu ya chapati yangu, ale akitoka.

Wanaume walimtoa amefunikwa shuka jeupe. Mama akatoka nyuma yao, akaniona na ile chapati, akaketi chini akalia.

Nikadhani ana njaa. Nikampa yeye.