Kiganja Mgongoni

Mkufunzi anayetufundisha sisi askari magereza wapya namna ya kumdhibiti mfungwa bila kumuumiza ana mikono mipana kama makoleo, lakini akikushika kiwiko utadhani anamsaidia mgonjwa kushuka kitandani. Hapandishi sauti. Tukimlaza mwenzetu kifudifudi kwenye godoro la mazoezi, yeye hupiga goti pembeni, akamwekea kiganja mgongoni na kumuuliza, "Unapumua, mwanangu?" Kutikisa kichwa hakutoshi, anataka sauti. Akishaisikia husema, "Haya, mgeuzeni alale ubavu," nasi tunamgeuza upesi. Tulikuwa tukimcheka chini chini, tukimwita Bwana Pumzi.

Jana mwenzetu aliyekuwa na zamu ya kulazwa godoroni aliumwa, tukatumia sanamu la matambara lililovishwa shati kuukuu la mfungwa, namba bado imeshonwa kifuani. Tukalikandamiza watu wanne. Mkufunzi akapiga goti, akaweka kiganja. "Unapumua, mwanangu?" Mmoja wetu akaangua kicheko. Mkufunzi hakugeuka. Akangoja, na ukumbi ukanyamaza mpaka tukaisikia saa ya ukutani. Nikajikuta nami nimetega sikio, nikiliombea lile furushi lijibu. "Mgeuzeni!" akapiga kelele. "Mgeuzeni haraka!" Tukaligeuza. Akalifungua kifungo cha shingoni, akainamisha sikio pale ambapo mdomo ungekuwa, akakaa hivyo kitambo kirefu. Kisha akainuka, akajifuta jasho, akatutazama mmoja mmoja huku akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu mafunzo yaanze.

"Safari hii," akasema, "tumewahi."