Baiskeli Aliyojipimia Wifi

Wifi yangu alipokuja kuishi nasi Ihumwa, alikuja na cherehani, mabegi ya vitambaa na tabia ya kutoomba kitu kwa mtu. Ni dada mkubwa wa mume wangu, mzaliwa wa Kondoa kama yeye, na ameshona nguo tangu akiwa msichana. Mguu wake wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia. Aliugua utotoni, mguu ule ukaacha kurefuka kama mwenzake. Mwenyewe husema "umebaki nyuma", kama anayemsema ndugu mvivu safarini.

Mwanzoni nilimwogopa kidogo. Kwetu Haneti nililelewa nikiambiwa kwamba wifi akiingia nyumbani, hata chumvi uiweke kwa adabu. Lakini yule hakuja kukagua chumvi ya mtu. Alitandika mkeka wake barazani, akaweka cherehani mahali penye mwanga, na kabla wiki haijaisha wanawake wa mtaani walikuwa wanapanga foleni kupimwa.

Kazi ikakua, nayo ikaanza kumtaka atoke. Alishona sare za shule, madera, kanzu za Ijumaa. Wateja wengine walikuwa ng'ambo ya reli, wengine ni wenzangu kazini kule Mji wa Serikali, watu wa kutoka kila mkoa, ambao hawakuwa na nafasi ya kuja kupimwa. Akawa anawafuata. Akienda kwa miguu, nyonga ilimuuma hadi akirudi anakaa kimya, anaitikia tu. Akipanda bodaboda, ilibidi anyanyuliwe.

"Dereva ananikamata kwapani kama gunia la alizeti," aliniambia siku moja. "Halafu kila tuta ananiuliza, mama umekaa vizuri? Mama umekaa vizuri?"

Jumapili moja tulikuwa tunakula ugali na mlenda, sisi watatu, akasema, "Nataka baiskeli."

Mume wangu akaacha tonge hewani. "Dada, nitakutafutia bajaji. Ikuchukue asubuhi, ikurudishe jioni."

"Sijasema nataka kuchukuliwa. Nimesema nataka baiskeli."

Mume wangu alicheka, akidhani ni utani. Akatutazama, akaona anacheka peke yake. Baadaye uani aliniambia kwa sauti ya chini kwamba dada yake ataanguka, kwa umri ule na mguu ule. Nikamwambia amweleze mwenyewe. Hakumweleza.

Nilimsindikiza mimi kwenye duka la baiskeli mjini. Alijaribu moja baada ya nyingine huku mwenye duka akizishika zisianguke. Kiti kikiwa juu, mguu wa kushoto ulielea hewani, haufiki kwenye pedeli inaposhuka. Kiti kikishushwa, goti la kulia lilipanda hadi karibu na kifua. Mwenye duka akasema hana nyingine. Wifi alishuka, akatengeneza mtandio wake, akaniambia, "Nguo za dukani hazinikai. Sijui kwa nini nilidhani baiskeli ya dukani itanikaa."

Ndipo tukaelekezwa kwa fundi mmoja mwenye kibanda cha mabati karibu na soko la Majengo. Alikuwa mtu wa maneno mengi, mwimbaji wa kwaya, na sikuwahi kumwona akikaza nati bila kuimba sauti ya pili. Darini kwake zilining'inia fremu tupu: hazina magurudumu, hazina usukani, hazina kiti. Mteja anachagua fremu kwanza, kisha anachagua kimoja kimoja cha kuivalisha, na fundi anaijenga mbele ya macho yake. Nilizoea kuona baiskeli kama kitu kizima kilichozaliwa hivyo. Kumbe inaweza kushonwa.

Wifi aliomba fremu ya kike, ile ambayo bomba lake la juu limeshuka ili mtu mwenye gauni apande bila kurusha mguu. Fundi aliteremsha tatu. Wifi alizishika moja moja, akaziinua kuelekea jua na kufumba jicho moja, kama anavyotazama kitambaa kutafuta nyuzi zilizokatika. Akaikataa ya kwanza kwa sababu imepinda. Ya pili akaikataa bila kusema sababu. Ya tatu ilikuwa ya chuma kizito, rangi imebabuka, na akaipiga kwa kidole ikalia.

"Hii," akasema.

"Hiyo ni nzito, dada yangu," fundi akamwonya.

"Na mimi nina mzigo. Nyepesi itanicheka."

Wakaanza. Kila Jumamosi tulikwenda, na kila Jumamosi baiskeli ilipata kiungo kipya. Wifi alichagua usukani uliorudi nyuma ili mgongo ukae wima. Alichagua tairi nene kuliko zote, kwa kuwa mbigili wa Dodoma hauna huruma, ukipita njia ya mchanga unarudi na tairi yenye miiba kama nungunungu. Alichagua keria ndefu ya kubebea robota la kitambaa. Gia ya mbele aliitaka yenye meno machache, ili kupanda mlima kuwe kwepesi.

"Utakanyaga sana, uende polepole," fundi akamwambia.

"Sijasikia anayenikimbiza."

Yule fundi alicheka hadi akakosa noti ya wimbo wake.

Kilichobaki ni mguu. Fundi alikuwa na dawa yake: kipande cha ubao kilichofungwa juu ya pedeli ya kushoto kuongeza kimo. Walikifunga, wifi akapanda, mimi nikashika kiti. Pedeli ilizunguka mara moja, ubao ukageuka chini juu, mguu ukateleza. Wakaufunga upya kwa mpira. Ukageuka tena. Fundi akajaribu ubao mnene zaidi, na huo ukagonga ardhi kwenye kona. Siku hiyo tulirudi nyumbani bila mtu kuimba.

Wazo alilipata wifi akiwa kazini kwake. Nilikuwa barazani nachambua mchele, yeye anatengeneza koti la mzee mmoja ambaye bega lake moja limeshuka. Ghafla akasimamisha cherehani.

"Wifi," akaniita, "mtu mwenye mkono mfupi, koti lake unalifanyaje?"

"Unapunguza mkono wa koti."

"Humwongezei mkono yeye?"

"Unamwongezea na nini?"

"Basi na sisi tulikuwa tunaniongezea mimi mguu. Tupunguze mkono wa baiskeli."

Jumamosi alimwonyesha fundi ule mkono wa chuma unaoshika pedeli, ambao mafundi huuita krenki. Kama tundu la pedeli lingesogezwa juu, karibu na ekseli, pedeli ya kushoto ingechora duara dogo na ya kulia duara kubwa. Mguu mfupi ungepata mwendo mfupi. Fundi akachukua kipande cha chaki akachora sakafuni, akazungusha kidole kwenye duara moja, kisha jingine. Akavua kofia.

"Miaka yote hii," akasema, "nimekuwa nikiwafunga watu mbao."

Wifi alitoa futi yake shingoni, akajipima mwenyewe kutoka nyonga hadi kisigino, mguu mmoja kisha mwingine, na fundi akaweka alama kwenye chuma kwa msumari. Kutoboa chuma kile kulihitaji mashine kubwa, kwa hiyo fundi alikipeleka kwenye karakana moja ya kukereza vyuma. Kikarudi na tundu jipya lenye hesi za kung'aa, ile mifereji ya ndani ya kukazia pedeli. Akafunga, wifi akapanda huku nimeshika kiti, na kwa mara ya kwanza miguu yote miwili ilizunguka. Hakupiga kelele wala kutabasamu. Alitazama magoti yake yakipanda na kushuka, akasema taratibu, "Alhamdulillahi."

Baiskeli ilipakwa rangi ya kijani iliyokolea. Wifi mwenyewe alisuka wavu wa uzi mgumu, akaufunga pande zote mbili za gurudumu la nyuma ili dera lisiingie kwenye spoku. Hakuna baiskeli Dodoma nzima iliyokuwa na wavu kama ule. Nilijua hivyo kwa sababu watu walisimama njiani kuugusa.

Alijifunzia uwanjani nyuma ya nyumba. Mimi nilikimbia nimeshika keria, kanga kiunoni, watoto wa jirani wakitushangilia kana kwamba ni mechi. Alianguka, akainuka, akakung'uta vumbi, akapanda. Jambo moja tu lilitusumbua. Kila tukimaliza mazoezi tulikuta pedeli ya kushoto imelegea, na kila tulipoikaza ililegea tena. Tulidhani ni upya.

Siku aliyotoka barabarani peke yake, alikuwa na sare za wanafunzi kwenye keria. Karibu na reli pedeli ilichomoka kabisa. Alianguka upande, robota likapasuka, sare zikatawanyika mchangani. Wapita njia walimleta nyumbani na kiwiko kinavuja damu.

Mume wangu hakufoka. Aliisukuma baiskeli stoo, akafunga kwa kufuli, akatia ufunguo mfukoni. Wifi alimwacha. Aliosha kiwiko, akafua sare zote, akazianika, akazipiga pasi. Alipomaliza kunyoosha ya mwisho ndipo akamwendea mdogo wake.

"Nipe ufunguo."

"Dada, tafadhali. Leo ni kiwiko, kesho itakuwa kichwa."

"Ulipokuwa mchanga, mama akienda shambani, nani alikuwa anakubeba?"

Mume wangu akatazama chini. "Wewe."

"Mgongoni, kwenye vilima vya Kondoa, kwa mguu huu huu. Nilikuangusha?"

"Hapana, dada."

"Basi nipe ufunguo."

Nilikuwa mlangoni na sinia mkononi, na sikuthubutu kupita. Mume wangu alitoa ufunguo, lakini hakumpa. Alikwenda kufungua stoo mwenyewe, akaitoa baiskeli, na Jumamosi akaisukuma yeye hadi kwenye gari la kutupeleka Majengo.

Fundi alitazama tundu, akajipiga paji la uso. Pedeli ya kushoto, alitueleza, hukatiwa hesi za kinyume, hukazwa kuelekea upande ambao nati nyingine hulegezwa, la sivyo mwendo wenyewe wa miguu huifungua kidogo kidogo. Kule karakana walikata hesi za kawaida, wakamrudishia na pedeli ya upande wa kulia inayoingia humo, na yeye kwa furaha yake akaifunga bila kukagua.

"Nisamehe, dada yangu. Ningekuua."

"Mimi niliwahi kumshonea bwana harusi kola nyuma mbele," wifi akamjibu. "Alioa hivyo hivyo. Tafuta chuma kingine."

Safari hii fundi alikwenda karakana na kusimama pale pale hadi hesi zikakatwa sawasawa. Mume wangu ndiye aliyeshika fremu wakati wa kufunga. Niliona anavyoishika, kwa mikono miwili, na baada ya kazi alichukua kitambaa akafuta grisi kwenye kila spoku, ingawa hakuna aliyemtuma.

Pedeli haijalegea tena. Sasa ninapokwenda kazini asubuhi, wifi huwa ameshatoka. Nimemwona akipanda kile kilima cha kuelekea barabara kuu, upepo wa Dodoma ukimpiga ubavuni na dera limejaa hewa, magoti yakienda kwa maduara yake mawili, kubwa na dogo. Ukimtazama kwa haraka huoni tofauti. Ukimtazama vizuri unaona mwendo wenye mdundo wake, kama mtu anayetwanga. Vijana wenye baiskeli nyepesi humpita kwenye mteremko. Kwenye mlima yeye huwapita wameshuka wanakokota, naye huwasalimia.

Mwaka huu tulikwenda Haneti kumwona mama yangu, na wifi akataka baiskeli ipakiwe juu ya basi. Mama, ambaye Kiswahili chake huchanganyika na Kigogo akifurahi, alitoka nje kumtazama mgeni wake akizunguka kati ya mashamba ya mtama. Alisimama muda mrefu na mkono juu ya macho kuzuia jua.

"Uliniambia huyu wifi yako ni mgonjwa wa mguu," akaniuliza. "Ni upi?"

Niliujua ni wa kushoto, lakini akiwa juu ya baiskeli sikuweza kumwonyesha, ikabidi nisubiri ashuke.

Kule Majengo, fundi ameshapeleka krenki nyingine kutobolewa tangu wakati ule. Moja ni ya mwalimu aliyevunjika paja, inayofuata ni ya muuza mboga mwenye goti lisilokunjika vizuri. Wote kwanza huwatuma Ihumwa kwa wifi wakapimwe, kwa kuwa anasema futi ya wifi haikosei. Huwapima barazani palepale anapopimia magauni, anawaambia wasimame wima, wasijinyooshe kwa aibu. Jana alikuwa anampima yule muuza mboga, nami nikapita na ndoo ya maji. Alikuwa na pini mdomoni kwa mazoea, ingawa hapakuwa na kitambaa, na alikuwa akimuuliza mteja wake anataka kubeba nini, matenga mangapi, na kama njia yake ina mchanga au mawe, maana kwa hayo ndipo wangejua keria na tairi za kuchagua.