Wiki Mbili Ambazo Mtoto Hakuwepo

Upumbavu wangu ulikuwa huu: nilimhesabia mama yangu mimba kwa kidole, kwenye kalenda ya ukutani tuliyopewa buchari tukinunua nyama, Shangazi akiwa amekaa pale pale kwenye kochi.

Shangazi ni dada yake Baba. Anakaa ploti yetu ya Riruta, milango michache kutoka kwetu, na habari ikiingia sikio lake la kulia haifiki la kushoto, inatokea mdomoni. Nilijua hayo yote. Lakini darasani mimi ndiye wa kuchekesha watu, na ukizoea kuchekewa unakuwa mgonjwa.

Mama alikuwa ametoka kliniki Hurlingham kupigwa picha ya tumbo. "Mtoto yuko salama," akasema akivua viatu. "Daktari anasema nimetimiza wiki kumi na nane."

Baba alikuwa kwenye simu, spika juu. Yeye ni fundi wa umeme huko Lodwar, na huja nyumbani mara chache sana. Mara ya mwisho ilikuwa Pasaka. Basi nikaenda ukutani, nikarudi nyuma wiki kumi na nane, kidole kikatua wiki mbili kabla ya Pasaka.

"Buda!" nikamwita Baba kwa sauti. "Huyu mtoto ana mbio! Wewe ulikuwa bado Lodwar, yeye ashafika!"

Hakuna aliyecheka. Shangazi aliweka kikombe chini polepole. Baba akauliza, "Ati?" halafu simu ikakatika. Labda ni mtandao.

Mama alinitazama tu. Afadhali angenirushia ndara.

Kufikia Jumapili, akina mama wa chama cha akiba cha Shangazi walikuwa wakimsalimu Mama kwa sauti ya matanga. Mmoja alinikagua uso mzima, nadhani akitafuta pua ya Baba. Naye Baba alikuwa akijibu kila ujumbe wa Mama kwa neno moja: "Sawa." Mama akapika githeri akasahau chumvi, akaila hivyo hivyo bila kugundua. Hapo utani ulinitoka wote.

Ilikuwa likizo ya Agosti, kwa hivyo sikuwa na shule ya kujifichia. Mama alitupeleka kliniki, mimi na Shangazi.

"Sista," akamwambia nesi, "huyu kijana wangu ana swali."

Benchi zima la wajawazito likageuka. Nikaeleza mambo ya Pasaka nikiangalia sakafu.

"Kwani siku mimba ilipoingia wewe ulikuwepo?" nesi akauliza.

"Hapana."

"Hata sisi hatukuwepo. Kile mama anachokumbuka ni siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho. Tunaanzia hapo, tunahesabu wiki arobaini. Mimba yenyewe hushika kama wiki mbili baadaye. Hata ile picha inahesabu hivyo hivyo. Kwa hivyo wiki mbili za kwanza mtoto hayuko." Akamgeukia Shangazi. "Nimesema hayuko!"

Mjamzito mmoja alicheka mpaka akashika tumbo. "Yuko kidato gani huyo?"

"Cha tatu," Mama akajibu.

"Woi! Na mnalipa karo?"

Mama akanipa simu. Nikampigia Baba, nikarudia somo lote mbele ya benchi, neno hedhi nikilitafuna kama mwiba wa samaki.

Nikamsikia Baba akishusha pumzi ndefu. "Sasa hizo wiki mbili ni za bure?"

"Ni za bure, Baba."

"Mpe mama yako simu."

Mama aliondoka nayo hadi dirishani, akatupa mgongo. Sikusikia waliyoongea, ila nilimwona akifuta macho kwa ncha ya leso, halafu mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Mimi sikumwambia mtu," Shangazi akasema, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mama akarudi, akafunga mkoba wake. "Wifi, chama chenu ni kesho saa tisa, sivyo?" Kisha akanigeukia: "Vaa shati jeupe la shule. Utasimama mbele yao uwafundishe, na hiyo hedhi uitamke vizuri, usiitafune."