Rabi Aliyejua Maegesho ya Kila Hospitali

Ipo Jumanne moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka naanza kwa kuona haya na kuishia kushukuru. Nimesikia Jumapili ijayo utawekewa mikono uwe mchungaji wa vijana. Basi kaa hapa kidogo. Chai ipo, na habari yenyewe si ndefu.

Miaka ya mwanzo ya elfu mbili nilikuwa kijana kama wewe. Jumapili niliongoza ibada ya Kiswahili katika chumba cha kupanga kule Alief, Houston. Siku za kazi nilikuwa katika nyumba ya kutunzia wazee, nikiwaogesha, nikiwalisha, nikiwageuza kitandani. Ile ya Jumapili niliiona ndiyo wito wangu; hii nyingine niliiona riziki tu. Debe shinda haliachi kutika, na mimi nilitika sana.

Wengi wa wazee wale walikuwa Wayahudi, na rabi wao, Natani, alikuja kila Jumanne. Usidhani alikuwa mtu wa kutikisa mji. Alikuwa mfupi, kisigino cha kiatu kimelika upande mmoja, sinagogi lake dogo. Asubuhi alifundisha watoto kusoma Kiebrania. Akitoka hapo huenda kukagua jiko la mwoka mikate, ili watu wake wale kwa sheria yao. Mchana mke na mume waliokosana wanamngoja, na akifa mwanamume wa sinagogi lake, yeye ni mmoja wa wanaomwosha. Siku moja nilimkuta amepiga magoti, kichwa chini ya kitanda cha mzee, anatafuta meno ya bandia yaliyoanguka, huku akimsimulia mzee habari za harusi fulani. Nilicheka moyoni. Nikasema, huyu naye ni kiongozi wa dini?

Basi Jumanne hiyo mvua ilikuwa inamwagika. Tulikuwa katika chumba cha chakula cha wafanyakazi, yeye akila yai la kuchemsha alilotoka nalo nyumbani, mimi nikiandika mahubiri. Nilikuwa nimealikwa kuhubiri Dallas kesho yake, mkutano mkubwa. Watu wangetoka Mesquite, wangetoka Fort Worth. Nikawa namsimulia rabi haya kwa majivuno, simu ikalia. Alikuwa Neema, binti wa Mama Furaha, mjane kutoka Uvira aliyekuwa muumini wangu. Mama yake alikuwa na siku ya nne hospitalini.

"Pasta, mama hataki kukula. Doctor anataka kumupasua, ye anakataa. Anauliza weye tu. Kuya, pardon, nakuomba."

"Mwambie tunamwombea," nikasema. "Nikirudi kutoka Dallas nitapita."

Rabi hakujua Kiswahili, lakini kilio kinajulikana kwa lugha yoyote. Akaniuliza kuna nini, nikamweleza.

"Hospitali iko mbali?"

"Dakika ishirini kwa gari."

Akafunga mkebe wake wa chakula. "Mimi nilipoanza," akasema, "nilidhani nimeitwa kufundisha Torati. Mwaka wangu wa kwanza mzee mmoja mgonjwa aliniita, nikamwambia asubiri nimalize kuandaa somo. Lilikuwa somo zuri sana. Nilipolitoa tulikuwa tumeshamzika. Tangu hapo nayajua maegesho ya kila hospitali ya mji huu. Ukitoka kazini saa tisa, utanikuta nje kwenye gari."

Mwanangu, kuna watu hukukaripia kwa kukufungulia tu mlango wa gari.

Tulimkuta Mama Furaha amegeukia ukutani. Niliposema shikamoo akageuka polepole. Mkono wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye Biblia, lakini rabi, aliyekuwa mlangoni na kofia imelowa, akaninong'oneza, "Muulize kwanza anaogopa nini."

Swali hilo sikuwahi kumuuliza muumini yeyote. Nikamuuliza.

"Kisu sikiogopi," akasema. "Naogopa kufia mule ndani, wanioshe watu wasiojua jina yangu. Ku kambi ya wakimbizi tulizika wengi bila kuwaosha. Baba Neema pia."

Neema akaangua kilio. Hakuwa amewahi kuambiwa hilo. Siku zote nne madaktari walidhani mama ni mkaidi tu.

Nikamtafsiria rabi. Akasogea, akainama mpaka macho yao yakalingana. "Mwambie kwetu wanawake huoshwa na wanawake, kwa maji safi, wakitajwa kwa jina. Siku yake ikifika, na mkihitaji mikono, nitaleta akina mama wa sinagogi. Na mimi mwenyewe nitasimama kaburini hadi udongo wa mwisho."

Mama akamtazama, kisha akanitazama mimi. "Huyu muzungu anataka kunizika?" Akacheka mpaka akashika ubavu kwa maumivu. Jioni hiyo alikunywa uji na kuwakubalia madaktari. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Sawa, lakini hofu yake aulizwe.

Alipasuliwa kesho yake, nami nikashinda na Neema pale nje. Mahubiri sikuyamaliza. Niliwapigia watu wa Dallas watafute mtu mwingine, wakakasirika, na kwa miaka miwili hawakunialika tena. Mama Furaha alipona, akaishi miaka sita mingine, akambeba mjukuu. Alipofariki, wanawake wa kanisa letu walimwosha wakimwita kwa jina, na rabi alikuja makaburini, akatwaa koleo, akatupia udongo mpaka shati likalowa jasho.

Ukubwa ni jaa, mwanangu. Kila mtu atakuja kumwaga kwako alichoshindwa kubeba. Usikunje pua. Madhabahu utapanda saa moja kwa wiki, lakini kundi linaumwa siku zote saba. Ukiitwa, nenda siku hiyohiyo. Ukifika, uliza kabla ya kufundisha. Na ukimwona mtu wa dini nyingine anayeifanya kazi hii kwa uaminifu, usione haya kuwa mwanafunzi wake. Mimi nilisoma chuo cha Biblia, lakini uchungaji nilifundishwa na Myahudi.

Haya, inua kichwa nikubariki. Mungu akupe masikio mapana kuliko mdomo, na miguu isiyochoka kuitika. Akuepushe na sifa zitakazokuchelewesha. Na kila anayekungoja akuone umefika, angali na pumzi ya kukusalimu.