Picha za Kochi Jeupe

Treni yetu ilisimama Kabalo siku mbili, na siku zote mbili niliogopa jambo moja: kwamba treni ya kutoka Kalemie itapita na mdogo wangu ndani, akielekea Lubumbashi nilikotoka, nasi tupishane bila kuonana.

Mimi ndiye mkubwa wetu. Baba na mama walipokufa niliacha shule darasa la sita, nikauza ndagala, dagaa wa ziwani, halafu nikaenda Lubumbashi kufanya kazi nyumbani mwa watu ili wadogo zangu wasome. Nilikaa miaka minne. Kila nilipotuma minerval, ada ya shule, nilituma na picha. Mama mwenye nyumba akitoka, nilivua aproni, nikaketi kwenye kochi lake jeupe na kujipiga picha, televisheni ikionekana nyuma yangu. Sikutaka watoto walale wakinihurumia.

Kisha jirani yetu akanipigia simu. "Ule mama wa kusafirisha wabinti amepita kwenu. Mudogo wako ataenda na treni ya kwanza itakayotoka. Anasema anakuja kukaa kama weye."

Mama huyo nilimjua. Ndiye aliyenipeleka mimi. Nikaacha kazi siku ileile.

Treni ya Kalemie ilipoingia Kabalo nilipita behewa kwa behewa nikiita.

"Unatafuta nani, mama?" akauliza mwanamume aliyebanwa kati ya magunia.

"Mutoto mwanamuke, wa miaka kumi na sita. Iko na mwanya."

"Hapa hata muguu yangu mwenyewe siioni. Tafuta, lakini usinikanyagie kuku."

Sikumwona. Lakini watu walikuwa wamejaa mpaka juu ya paa, na treni ikaondoka kabla sijafika behewa la mwisho. Kutoka Kabalo hadi nyumbani Kalemie sikuweza kula. Niliwaza behewa lile moja tu.

Nilimkuta uani anafua. Kisha nikaona begi mlangoni, limefungwa kwa kamba.

"Yaya!" Ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. Akanirukia na mikono yenye povu. "Umekuja kunichukua? Treni ya kwanza ilijaa, nilikosa nafasi."

"Nimekuja kukukataza."

Akacheka. "Weye kochi, miye ndagala?"

"Ile kochi si yangu. Nilikuwa nalala mu jikoni, chini. Juu ya kochi nilikaa tu wakati wenyewe hawako."

"Onyesha foto ya mu jikoni."

Sikuwa nayo. Miaka minne, na sikupiga hata picha moja ya pale nilipolala. Nilifungua simu, nikaifunga. Sikuwa na cha kumwonyesha isipokuwa mwili wangu, basi nikapandisha kitenge. Magoti yangu yalikuwa meusi, ngozi imekuwa ngumu kama kisigino, kwa kusugua sakafu ya watu.

Akainama, akabonyeza goti kwa kidole.

"Inauma?"

"Haisikii tena kitu."

Alirudi kwenye beseni lake. Begi likabaki mlangoni, na kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, nilitazama kama bado lipo. Nilikuwa naogopa kumuuliza, na naogopa kutomuuliza.

Siku ya treni iliyofuata tulikuwa ufukweni tukigeuza ndagala mchangani. Wingu lilikuwa linatoka upande wa ziwa. Honi ikalia kutoka stesheni, mara moja, kisha tena. Mkono wake ukasimama juu ya samaki. Sikumtazama. Niliona kwamba nikimtazama tu, atainuka.

Honi ikalia mara ya tatu, halafu tukasikia mabehewa yakivutana.

"Yaya," akasema, "kusanya upande wako. Mvua inakuja."

Nikakusanya. Kwa haraka nilimwaga nusu ya beseni mchangani, naye akanitukana kidogo, akaanza kuokota.

Jioni begi lilikuwa palepale, na kamba yake. Mpaka leo sijathubutu kumwambia alifungue.